Polishi na Waksi Nyumbani: Kutambua Chanzo Kabla ya Kusugua Rangi ya Gari

Mtu akipaka gari lake waksi kisha akaona ukungu, mistari ya mafuta au mikwaruzo ambayo hakuiona jana, lawama ya kwanza huliangukia kopo alilonunua. Mara nyingi kopo halina kosa. Chanzo huwa ni joto la bodi, wingi wa waksi iliyopakwa, kitambaa kilichotumika kufutia, au uchafu ambao haukuondolewa kabla ya kazi kuanza. Kila chanzo kina tiba yake, na anayekimbilia kusugua kabla ya kujua anasugua nini anaweza kuondoa kitu ambacho hakirudi tena isipokuwa kwa kupaka rangi upya.

Kitu hicho ni klia. Gari lililopakwa rangi kiwandani lina bati, juu ya bati kuna praima, yaani rangi ya msingi, juu ya praima kuna rangi yenyewe, na juu kabisa kuna tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Tabaka zote hizo kwa pamoja kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150, na klia peke yake ni kama mikroni 40 tu, yaani ni nyembamba kuliko unywele mmoja. Klia ndiyo inayong'aa, na ndiyo iliyobeba kemikali zinazozuia miale ya urujuanimno isiunguze rangi iliyo chini yake. Polishi na rabingi, ambayo ni dawa ya kusugulia iliyo kali kuliko polishi, zina chembe za kusaga, na hufanya kazi kwa kuipunguza klia mpaka uso wake uwe sawasawa. Waksi haisagi chochote. Hulala juu ya klia, huzuia maji na uchafu visiiguse moja kwa moja, kisha huisha yenyewe baada ya wiki au miezi kadhaa na kupakwa tena. Kwa hiyo waksi inaweza kupakwa kila inapohitajika, ilhali polishi ni ya kutumiwa kwa uchoyo.

Utata unaanzia dukani, ambako vyote viwili huitwa polishi, na kuna aina ya tatu inayochanganya chembe za kusaga na nta katika kopo moja. Maelezo ya kwenye kopo yasipojitosheleza, tone dogo lisuguliwe kwa kitambaa laini juu ya upande unaong'aa wa sidii ya zamani. Likiacha ukungu au mikwaruzo midogo, lina chembe za kusaga. Plastiki ikibaki kama ilivyokuwa, kilichomo ni cha kulinda tu.

Kabla ya kusoma dalili zozote hapa chini, gari lioshwe, likaushwe na kuwekwa kivulini. Tochi ya simu ikimulikwa kwa karibu itaonyesha michirizo ambayo mwanga wa kawaida huificha. Kila tiba ijaribiwe kwanza kwenye sehemu ya ukubwa wa viganja viwili, mahali pasipoonekana sana, na ianze ile iliyo laini kuliko zote. Nasisitiza jambo hili kwa sababu makosa ya waksi yanarekebishika yote, lakini klia iliyosuguliwa ikaisha haina marekebisho.

Waksi imeganda na haifutiki

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni joto. Boneti nyeusi iliyoachwa juani Dar es Salaam au Mombasa saa nane mchana inaweza kuzidi nyuzi 60 za Selsiasi, na katika joto hilo viyeyusho vilivyomo ndani ya waksi hupaa kabla haijatandazwa, kikabaki kigamba kigumu kilichoshika kwenye klia. Kipimo chake ni mgongo wa mkono: usipoweza kuuegemeza kwenye bodi bila kuona karaha, bodi hiyo bado ni ya moto, hata kama gari limekwisha kuingizwa kivulini. Boneti hupata pia joto la injini, kwa hiyo gari lililotoka barabarani linahitaji kupumzika kwanza.

Chanzo cha pili ni wingi. Watu wengi hupaka waksi mpaka bodi ionekane nyeupe, wakiamini kwamba tabaka nene hulinda zaidi. Sivyo. Kinachobaki kwenye rangi ni utando mwembamba sana, na kilichozidi chote kinafutwa na kutupwa, tena kwa jasho. Waksi iliyopakwa ipasavyo huacha kivuli hafifu ambacho rangi ya gari inaonekana kupitia ndani yake.

Chanzo cha tatu ni kulipaka gari zima kuanzia boneti hadi buti, kisha kurudi mwanzo kufuta. Pwani, ambako upepo na joto havitabiriki, ni afadhali kupaka sehemu moja, kwa mfano mlango mmoja, na kuimaliza. Muda wa kufuta hupimwa kwa kupitisha kidole: kikiacha njia safi inayong'aa, waksi iko tayari, ikipakaza kama siagi, bado.

Iliyokwisha kuganda isikwaruzwe kwa kucha wala kufutwa kwa petroli. Gari lipelekwe kivulini, bodi ipozwe, kisha waksi ileile kidogo ipakwe juu ya ile iliyoganda. Viyeyusho vilivyomo katika waksi mbichi hulainisha ile ya chini, na zote mbili zikifutwa ndani ya dakika moja kwa kitambaa safi hutoka pamoja. Kazi hiyo ifanywe katika vipande vidogo. Pakibaki mabaka sugu, yaoshwe kwa shampuu na maji ya vuguvugu, na yakikataa kabisa, yafutwe kwa spiriti safi isiyo na mafuta wala manukato, iliyozimuliwa kwa maji sawa kwa sawa. Spiriti itaondoa waksi yote mahali hapo, kwa hiyo papakwe upya.

Saa nzuri za kazi hii ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi. Anayeweza kusubiri msimu, miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, ndiyo yenye nafuu kuliko yote.

Bodi ina ukungu au mistari ya mafuta baada ya kufutwa

Ukungu unaotoweka ukipanguswa kwa kitambaa kipya ni waksi iliyozidi, na kitambaa cha kwanza kilikuwa kimeshiba. Kitambaa cha maikrofaiba kikikunjwa mara mbili hutoa pande nane za kufutia, na gari dogo linahitaji angalau vitambaa vitatu. Ukungu unaorudi kesho yake asubuhi ni mafuta yaliyopanda juu wakati waksi ikikauka, hasa siku zenye unyevu mwingi hewani; huo hauhitaji chochote zaidi ya kupanguswa tena kwa kitambaa kikavu.

Mistari ikibaki palepale hata baada ya kubadilisha kitambaa, tazama kitambaa chenyewe kilifuliwaje. Dawa ya kulainishia nguo huacha mafuta kwenye nyuzi za maikrofaiba, na mafuta hayo ndiyo yanayopakazwa kwenye bodi. Vitambaa hivi vifuliwe peke yake kwa sabuni ya maji, bila kilainishi, na vianikwe kivulini. Kanga kuukuu, ambayo ndiyo kimbilio la nyumba nyingi, ni laini mkononi lakini haina manyoya ya kumezea vumbi, na pindo lake lililoshonwa hukwaruza. Ifae kwa rimu, isiguse bodi.

Mistari inayoanzia chini ya vioo vya pembeni, vishikio vya milango na nembo ni maji yaliyojificha humo wakati wa kuosha, yakatiririka juu ya waksi iliyokuwa haijakauka. Milango na buti vifunguliwe na kukaushwa kwanza.

Weupe kwenye plastiki nyeusi na mipira ya madirisha

Hii ni waksi iliyoingia kwenye vishimo vya plastiki na kukauka humo. Mswaki laini, maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo huitoa. Utakapopaka waksi tena, selotepu ya karatasi ibandikwe kwenye plastiki kabla ya kuanza.

Michirizo ya mviringo inayoonekana juani

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na linaonekana vibaya zaidi kwenye magari meusi na ya buluu iliyokoza. Michirizo hiyo huonekana kana kwamba inazunguka jua au taa, lakini kwa kweli inaelekea kila upande. Macho huona ile tu iliyokaa kwa pembe ya kurudisha mwanga. Waksi haikuileta, na waksi haitaiondoa. Imeletwa na kuosha na kupangusa.

Fikiria desturi ya nyumba nyingi za mijini. Kila asubuhi, kabla gari halijatoka, mtu hulipangusa vumbi kwa dasta au kitambaa kikavu. Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia; kila mpanguso unaziburuta chembe hizo juu ya rangi. Kisha mwishoni mwa wiki gari hupelekwa kuoshwa mahali ambapo kitambaa kilichotoka kwenye rimu hurudi kwenye boneti, na ndoo moja ya maji huhudumia magari matatu. Hata polishi iliyopigwa na fundi hodari namna gani haitadumu iwapo kesho yake desturi hiyo inaendelea. Kwa hiyo tiba huanza kwenye uoshaji: gari limwagiwe maji mengi ya kuondoa vumbi kabla halijaguswa, ziwepo ndoo mbili, moja ya shampuu na nyingine ya kusuuzia sponji, kazi ianzie paa na kushuka chini, matairi na rimu viwe na kitambaa chake, na kitambaa kilichoanguka chini kisirudi kwenye bodi siku hiyo. Sabuni ya unga ya kufulia iachwe, kwa kuwa ni kali na huondoa waksi.

Baada ya hapo ndipo polishi inapohusika. Pitisha ukucha taratibu kukata mkwaruzo: ukinasa, mkwaruzo umezama mno, na kuusugua mpaka ufutike ni kuimaliza klia. Unaweza kupunguzwa makali, lakini usifukuziwe mpaka mwisho. Ukucha usiponasa, polishi laini kwa mkono, kwa pedi ya sponji, katika eneo la kama sentimita 40 kwa 40, kwa mwendo wa kwenda na kurudi, itapunguza michirizo midogo. Kazi ya mkono huchosha na haiondoi yote. Asiyetaka kutumia mashine aridhike na nafuu ya kuonekana.

Mashine ni za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Ile inayozunguka tu husaga haraka na kuzalisha joto, na mikononi mwa asiyeizoea inaweza kuichoma klia kwa sekunde chache, hasa kwenye kingo za milango, mikunjo ya boneti na pembe za bampa, ambako rangi huwa nyembamba. Ile inayozunguka huku ikiyumba haikai mahali pamoja, na ndiyo inayomfaa mtu anayefanya kazi hii nyumbani. Kwa mashine yoyote ile, kingo zifunikwe kwa selotepu ya karatasi, mashine isisimame mahali pamoja, na bodi iguswe mara kwa mara. Ikiwa ya moto, kazi isimame. Rangi ya gari ikionekana kwenye pedi wakati gari lina klia, acha mara moja, kwa maana klia imekwisha mahali hapo.

Zipo dalili mbili zinazofanana na hii lakini zina asili tofauti. Ya kwanza ni mawimbi ya mwanga yanayotembea juani, yenye upana wa pedi, yaliyoachwa na mashine ya kuzunguka iliyofungwa pedi ya manyoya na rabingi kali. Hayo hayataki rabingi zaidi, bali polishi laini kabisa kwa pedi laini ya sponji. Ya pili ni mikwaruzo iliyorudi. Gari lilinunuliwa likiwa linang'aa kama jipya, na baada ya kuoshwa mara kadhaa michirizo ikajitokeza yote. Hakuna aliyeikwaruza. Baadhi ya polishi zina mafuta na vijazio vinavyoziba mikwaruzo bila kuiondoa, na gari lililotumika, liwe limetoka Japani au limeuzwa na jirani, linaweza kuwa lilipakwa hivyo kwa ajili ya mauzo. Spiriti iliyozimuliwa ikipanguswa mahali padogo huondoa mafuta hayo na kuonyesha hali halisi. Ningeshauri kila mnunuzi afanye jaribio hilo, kwa idhini ya muuzaji, kabla ya kukubaliana bei.

Bodi imeoshwa lakini bado inakwaruza vidole

Funga vidole kwa nailoni nyembamba, kama ile inayofungia mkate, kisha uvipitishe juu ya boneti iliyooshwa na kukaushwa. Nailoni huongeza hisia, na uso ulioonekana safi unaweza kuhisika kama umenyunyiziwa mchanga. Hizo ni chembe zilizonasa kwenye klia: vumbi la chuma kutoka kwenye breki, matone ya lami, na, kwa gari linaloegeshwa karibu na gereji, vumbi la rangi lililopeperushwa na mashine ya kupulizia. Anayepiga polishi juu ya chembe hizo anazizungusha chini ya pedi na kujitengenezea mikwaruzo mipya.

Lami huondolewa kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, yakiachwa dakika moja yailainishe, kisha mahali hapo paoshwe kwa shampuu ili mafuta yasibaki. Yaliyosalia huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaouzwa kwenye maduka ya vipodozi vya magari. Bodi hulowanishwa kwa maji yenye shampuu, udongo hukandwa uwe bapa, na huteleza juu ya bodi bila kukandamizwa mpaka mkwaruzo usihisike tena. Hukunjwa kila mara ili upande safi ndio uguse rangi, na ukianguka chini unatupwa, kwa kuwa mchanga ulioshika hautoki. Udongo huu huondoa na waksi ya zamani, kwa hiyo gari lisiachwe wazi baada yake.

Madoa meupe ya duara yaliyobaki baada ya maji kukauka

Nyumba nyingi za Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa hutegemea kisima, na maji ya visima vya pwani mara nyingi ni ya chumvi au yana madini mengi ya kalisi na magnesi. Tone likikauka juani, maji hupaa na madini hubaki. Ndiyo maana gari lililooshwa vizuri saa tano asubuhi na kuachwa likauke lenyewe huchakaa kuliko lile lililobaki na vumbi lake mpaka jioni.

Doa changa hukaa juu ya uso. Siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji sawa kwa sawa, ikipakwa kwa kitambaa kwenye bodi iliyopoa na kuachwa dakika moja au mbili, huyeyusha madini hayo. Kisha paoshwe kwa maji mengi na kupakwa waksi upya, kwa sababu siki inaidhoofisha. Siki isiguse mahali palipochubuka mpaka bati, kwa kuwa itaharakisha kutu.

Doa kongwe limekwisha kula klia. Likitazamwa kwa tochi huonekana kama duara lenye ukingo na kitovu kilichodidimia, na siki hailibadilishi. Hapo inahitajika polishi laini, na kidimbwi kikiwa kirefu ni bora kukubali kivuli chake kibaki kuliko kusugua boneti nzima mpaka ifikie kina chake.

Kinga yake ni rahisi na haina gharama. Gari likaushwe kwa taulo mara tu baada ya kusuuzwa, na maji ya mwisho ya kusuuzia, hata kama ni ndoo mbili tu, yawe ya mvua iliyokingwa wakati wa masika au vuli. Maji ya mvua hayana madini ya ardhini, na hata yakiachwa matone machache hayaachi alama ya kutia wasiwasi.

Alama za kinyesi cha ndege na utomvu

Kunguru walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na kuenea pwani yote ni adui wa kweli wa rangi ya gari. Kinyesi cha ndege kina asidi ya yuriki, na juani huanza kuacha alama ndani ya saa chache. Popo wanaolala kwenye miembe na mikungu hawana nafuu yoyote.

Kinyesi kikavu kisisuguliwe, kwa kuwa mara nyingi kina mbegu na mchanga. Kitambaa kilicholowa maji kilazwe juu yake kwa dakika kumi, kisha kinyesi kiinuliwe, si kuburutwa. Utomvu wa mwembe ulioganda hulainika kwa spiriti iliyozimuliwa, ikipakwa kidogokidogo. Baki likiwa ni kivuli kisichohisika kwa ukucha, polishi laini kwa mkono hutosha. Uso ukiwa umejikunja au umepasuka vijistari, klia imeharibika hapo, na kusugua kutapanua jeraha tu.

Maji hayajikusanyi matone ingawa waksi imepakwa

Uliza kwanza kama kilichopakwa kilikuwa waksi kweli. Gari lililopigwa polishi tu hung'aa bila ulinzi wowote. Kama ilikuwa waksi, huenda ilipakwa juu ya mabaki ya mafuta ya polishi ikakosa pa kushika, au imeondolewa na sabuni ya unga. Huenda pia ipo, ila imefunikwa na vumbi: gari lioshwe kwa shampuu kabla ya kuhukumu. Waksi yenye nta ya kanauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili, hupendeza sana machoni lakini kwa gari linaloshinda juani mara nyingi haivuki miezi miwili. Zile za kutengenezwa kiwandani kwa polima hudumu zaidi, na kwa gari lisilo na kibanda cha kuegeshea hizo ndizo ningezichagua.

Gari linalong'aa siku moja na kuvuta vumbi kama sumaku siku ya pili huenda limepakwa mafuta ya dashibodi, ya matairi au hata dizeli. Hayo si waksi. Yaoshwe yote kwa shampuu.

Rangi imepauka

Hapa utambuzi ni wa lazima, kwa sababu hali tatu tofauti zinaitwa kwa jina hilo moja.

Sugua polishi kidogo kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, na gari ni la zamani au ni la kazi, kama lori au basi dogo jeupe, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba rangi yake haina klia. Tabaka la juu limeungua kwa jua likawa chokaa, na chini yake rangi nzima ingalipo. Rangi ya namna hii hufufuka kwa kiwango cha kushangaza: rabingi ya wastani, kisha polishi, kisha waksi mara moja, na waksi irudiwe mara kwa mara.

Kitambaa kikibaki cheupe au kuwa kijivu cha uchafu, gari lina klia. Lowanisha sehemu iliyopauka na utazame kingo zake. Mpauko wa sawasawa, usio na mpaka, ni klia iliyochoka juu juu, na polishi laini inaweza kuirudishia uhai kwa muda.

Mpauko wenye mpaka kama ramani, wenye ukingo ambao ukucha unaunasa na magamba meupe yanayobanduka, hasa kwenye paa na boneti, ni klia iliyoachana na rangi. Hakuna kopo litakaloirudisha. Maji na waksi vitaficha weupe huo kwa saa au siku chache, na mashine itazidi kuibandua. Tiba ni msasa na rangi mpya kwa fundi, na mpaka fedha zipatikane, waksi laini ipakwe kwa mkono sehemu zilizobaki nzima, gari likiegeshwa kivulini.

Rangi mpya ya gereji imepoteza mng'ao au imeshika alama

Rangi ya kiwandani hukaushwa kwenye tanuri, lakini katika gereji nyingi hukaushwa kwa hewa na jua tu. Juu inaweza kuwa kavu kwa kuguswa kesho yake, huku viyeyusho vikiendelea kutoka ndani kwa wiki nyingi. Waksi ikipakwa mapema huvizuia, na rangi hubaki laini, ikashika alama za vidole na kufifia. Ushauri wa kawaida ni kusubiri kati ya siku 30 na 90 kulingana na aina ya rangi. Kwa rangi iliyokaushwa kwa hewa, ningesogea kwenye 90. Iliyokwisha kupakwa waksi mapema ioshwe kwa shampuu, waksi ipanguswe, na gari liachwe lipumue.

Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini husaidia kujua wapi pamewahi kupigwa pati, yaani kijazio cha kusawazishia mibonyeo, chini ya rangi: juu ya bati la chuma hunasa kwa nguvu, juu ya pati nene haishiki. Sehemu hizo zimepakwa rangi upya, na unene wa klia yake unategemea mkono wa fundi, kwa hiyo mashine isipitishwe hapo kwa nguvu ileile ya sehemu nyingine.

Katika muda wote wa kusubiri, gari lioshwe kwa maji mengi na shampuu hafifu, na kinyesi cha ndege kiondolewe siku hiyohiyo. Siku ya kupaka waksi ikikaribia, liegeshwe juani kwa nusu saa na kuinusa boneti: ikiwa bado inatoa harufu ya thina, haijawa tayari.